Pasaka ya Kuniaga

Jumapili ya Matawi, 29 Machi 2026

Bagamoyo. Mwaka wa arobaini na tano tangu niondoke Kamachumu na sanduku la bati, kuja kufundisha jiografia Pwani. Nilimwambia mama ni kwa miaka miwili tu. Mama alikufa akiwa bado anahesabu.

Katika miaka yote hiyo Pasaka imeliwa nyumbani kwangu. Hata mwaka ule wa mafuriko. Hata mwaka niliovunjika mguu. Mbuzi mmoja, pilau ya Gertruda, majirani wote barazani. Leo nimepinduliwa!

Imetokea kwenye lango la kanisa, matawi bado mkononi. Binti yangu Vaileth akatangaza kwamba Pasaka mwaka huu italiwa kwake, Kiwangwa. Wamemaliza nyumba. Mumewe Oscar, mkulima wa mananasi, akaongeza kwamba sakafu ni ya marumaru na kuna feni mpaka jikoni. Nikauliza ni nani aliyeamua. Vaileth akasema wamekubaliana. Nikauliza, nani na nani? Gertruda, mke wangu wa ndoa, akaanza kusuka tawi lake msalaba mdogo bila kuniangalia.

Mke wangu! Nilipombana akasema kwamba mgongo wake nao unataka kufufuka.

Oscar akanituliza. Mzee, wewe utakaa tu kwenye kochi, hutashika kitu. Hivyo ndivyo wanavyoambiwa wagonjwa. Nikauliza majirani zangu watakula nini. Akasema tutawaletea mananasi.

Mananasi! Mkombozi amefufuka, chukua nanasi.

Jumatatu, 30 Machi

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Ni wazo zuri sana, nimejikata.

Mtoto anaweza kumnyima baba yake sikukuu ya kawaida. Hawezi kumnyima ya mwisho. Basi nikaandika kwenye kundi la familia, kwa kidole kimoja, nikipima kila neno: Wapendwa, hii ni Pasaka yangu ya mwisho Pwani. Baada ya sikukuu narudi kwetu Kamachumu moja kwa moja. Ningependa tuile pamoja nyumbani kwangu. Baba.

Chai haijapoa, Vaileth akapiga simu analia. Pasaka ni kwako, baba, kwa nini hukusema mapema? Nilijibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha samehe. Mjukuu wangu Linda, anayesoma chuo Dar, alituma nyuso za kulia na maneno "Babu usituzingue", ambayo nimehakikishiwa si tusi. Ushindi mkamilifu.

Ila Oscar. Oscar ameandika: Sawa mzee, uamuzi wa busara.

Busara? Mbona upesi hivyo?

Gertruda alikuwa anachambua mchele. Hakulia. Aliuliza kama redio nitakwenda nayo au naiacha. Nikasema hayo tutayazungumza sisi wawili kabla hatujaondoka. Akauliza sisi wepi. Yeye amezaliwa hapa, bibi yake alibatizwa hapa misheni, wafu wake wote wako hapa. Kamachumu alifika mara moja, akapata mafua ya wiki nzima. Akanitakia safari njema, akarudi kwenye mchele wake.

Natamani kumwambia ukweli. Lakini siri ikiingia kwa Gertruda asubuhi, adhuhuri iko kwa jirani yetu Mwanahija, alasiri iko sokoni.

Jumatano, 1 Aprili

Habari ya safari imefika sokoni hata hivyo! Muuza samaki amenipa mkono wa buriani akanipunguzia bei ya changu. Nilikataa pole yake, changu nikamchukua.

Nyumbani nikamkuta Mwanahija anaongea na Gertruda kwenye ua. Alinisalimu kwa adabu, akaniuliza habari za safari, kisha akataka kujua, kwa kuwa mwalimu unaondoka, ndimu zile za pembeni sasa zitachumwa na nani. Nikiwa bado nimesimama chini ya ndimu hizo hizo!

Lakini kilichoniumiza ni mumewe, Mwinyijuma. Fundi seremala mstaafu, ukuta wake na wangu ni mmoja. Yeye huniita Nshomile, kwa utani wa sisi Wahaya na kisomo chetu. Mimi humwita Mzee wa Vumbi la Mbao. Kila Pasaka mbuzi wangu huchinjwa na yeye. Nilijifunza hilo mwaka wangu wa kwanza hapa: ukitaka mtaa mzima ule kwako, kisu akishike Mwislamu, na bismillahi yake. Basi yeye huchinja, watu wote hula. Idi ikija, sisi hula kwake. Wiki mbili zilizopita nilikula pilau yake ya Idi mpaka nikafungua kifungo.

Leo amepita barazani kwangu bila kunisalimu. Amemsalimu kuku! Jioni akatuma ujumbe kupitia Gertruda: anaomba ngazi yake. Ngazi ile imekaa kwangu miaka mingi hata nilidhani nimeinunua. Gertruda akaongeza neno aliloambiwa, ambalo hakulazimika kuliongeza: kwamba mtu akitaka kuhama, jirani huambiwa kabla ya simu.

Nimemrudishia ngazi yake. Nimeiegemeza ukutani kwa kishindo.

Alhamisi Kuu, 2 Aprili

Sitausahau unyama huu.

Kila Alhamisi Kuu mimi ni mmoja wa wazee kumi na wawili wanaooshwa miguu na Paroko. Nimekuwa mtume kwa muda mrefu kuliko mitume wenyewe. Jana nilikata kucha. Leo mchana nimesugua visigino kwa jiwe, nikapaka mafuta ya nazi, nikavaa soksi safi ili vumbi la njiani lisiniharibie. Nafika kanisani, kiti changu amekikalia Anold!

Anold, mwenyekiti wa jumuiya yetu, ambaye visigino vyake ni kama udongo wa mbuga mwezi wa kumi. Nikamnong'oneza kwamba amekosea kiti. Akaninong'oneza kwamba halmashauri imeona ni vyema mitume wawe watu watakaokuwepo. Mwalimu, wewe ni msafiri. Akanipa pole, akavua kiatu.

Nikakaa benchi la nyuma na miguu safi kuliko yote parokiani. Paroko alipofika kwa Anold akatumia maji ya jagi zima. Watu wakadhani ni ibada. Mimi najua yalikuwa ni mahitaji.

Gertruda alinisindikiza nyumbani. Karibu na mlango akasema kwamba hata Petro alianza kwa kukataa kuoshwa, hivyo nisijali. Sikuona inahusu nini.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Kufunga. Njia ya Msalaba juani. Nilikuwa na mateso yangu binafsi ya kutafakari.

Oscar, Vaileth na Linda wameingia na gari la mizigo baada ya saa tisa, mbuzi nyuma. Mbuzi mzuri, beberu mweusi. Nikaanza kulainika kidogo juu ya Oscar. Kisha akatoa bahasha. Tiketi! Basi la Jumatano, kiti cha dirishani, mpaka Muleba, karibu na kwetu. Akasema amechagua dirisha ili nione nchi. Nikasema asante. Ningesema nini?

Na haikuishia hapo. Oscar ni mtu wa bidii. Ni kasoro yake kubwa. Ametafuta, ameuliza watu, amepata namba ya mtoto wa marehemu kaka yangu. Akampigia hapo hapo, akaweka sauti ili wote wasikie.

Nilimsalimu kijana kwa lugha ya nyumbani. Salamu yote, kama alivyonifundisha baba, pamoja na kuulizia ng'ombe. Kijana akacheka, kwa upole, akanijibu kwa Kiswahili. Alisema hajasikia mtu akiongea hivyo tangu bibi yake afe. Akauliza mimi ni Wilbrodi yupi. Nikamweleza. Akasema aa, yule wa Pwani! Karibu sana, mzee. Ile nyumba ya babu waliibomoa siku nyingi, lakini kipo chumba cha wageni. Nikitaka kukaa hata wiki mbili, hakuna tabu.

Wiki mbili. Cha wageni.

Nikauliza kama migomba ya nyuma ya makaburi bado ipo. Akasema ugonjwa uliimaliza. Sasa hapo kuna kahawa kidogo na mnara wa simu.

Wote walikuwa wananitazama. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Kumbe ndiyo faida ya mnara.

Oscar akasema unaona mzee, wanakusubiri. Jumatano nitakupeleka stendi mwenyewe. Nilikwenda uani kumtazama mbuzi. Yeye na mimi hali zetu zilikuwa zinafanana.

Jumamosi Kuu, 4 Aprili

Asubuhi nimemtuma Linda kwa Mwinyijuma: shikamoo zake, na mbuzi yuko tayari. Linda akarudi. Babu, anasema kisu butu. Kisu kile! Kinaweza kunyoa mtoto asiamke. Nikamtuma tena. Anasema anakohoa. Nikamtuma mara ya tatu na ukali kidogo. Akarudi ameinamisha kichwa. Anasema yeye hachinjii watu wanaoondoka.

Nikapandwa na hasira. Kwani mikono anayo yeye peke yake? Kwetu mwenye nyumba ndiye achinjaye, na wanaume hupewa nyama kwa heshima zao, mkubwa kwanza. Nikachukua kisu cha jikoni. Oscar akashika miguu huku anatazama upande wa barabara. Nisieleze zaidi. Sikuwa nimefanya kazi hiyo tangu ujana, na beberu aligundua. Lakini nilimaliza, nikanawa, nikaita sufuria kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ukuta.

Gertruda akatoka jikoni. Akamtazama mbuzi. Akanitazama mimi. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya chini ninayoiogopa, zile sahani azipeleke wapi.

Sahani! Zimeoshwa tangu alfajiri, zile zenye maua, zimepangwa kwenye benchi zikauke. Sahani za majirani. Kila nyumba ya mtaa huu hula kwangu Pasaka, na karibu wote ni Waislamu. Nimechinja mbuzi mzima ambaye mtaa wangu hauwezi kumla!

Miaka arobaini na mitano Pwani. Hata mtoto wa chekechea asingefanya hivyo. Lakini nani alinikasirisha? Ndiye mwenye kosa.

Oscar akasema taratibu kwamba Kiwangwa majirani zake wengi ni Wakristo. Nikamwambia afunge mdomo. Vaileth akasema baba, usimfokee. Linda akapiga picha.

Baada ya chakula cha mchana, ambacho hakikulika, nikachukua majogoo wangu wawili, mmoja kila kwapa, nikaenda mwenyewe kwa Mwinyijuma. Alikuwa kibarazani, anakinoa kisu.

Karibu msafiri, akasema.

Nikamwambia nilisikia kisu ni butu. Akasema ndiyo maana anakinoa. Nikamwambia nilisikia anakohoa. Akakohoa mara moja, bila juhudi. Nikamweleza habari ya mbuzi. Alikwisha kujua, mtaa mzima ulinisikia nikiita sufuria. Nikasema angalau hawa kuku, ndugu yangu, watu wasikae na njaa kesho.

Akaweka kisu chini. Nshomile, Kihaya sijui kinasemaje, akasema, ila kwetu kuna kuku wa sikukuu na kuku wa tanzia. Wa sikukuu nachinja. Hawa umewaleta wa kuagia, na kuaga kwa mzee wa umri wetu ni tanzia tu, hakuna kuonana tena. Siwachinji. Kama unabaki, kisu hiki hapa. Lakini uliwatangazia watu kwamba unaondoka. Watangazie watu kwamba hurudi kwenu.

Nikasema nitafikiri. Akasema fikiri, Nshomile, kuku wana subira.

Mbele za watu! Yaani nisimame mbele ya Oscar na Anold niseme kwamba siendi? Baada ya tiketi? Afadhali nife. Nimerudi na majogoo wangu. Mmoja amenichafua shati.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

Kristo amefufuka! Niandike hili kwanza, kwa haki.

Kengele zote zilipigwa. Aleluya imerudi baada ya Kwaresima, na watu wakaiimba kama waliokuwa wameificha chini ya ulimi. Tulikaa benchi moja, Gertruda na kitenge kipya, Vaileth, Linda, hata Oscar ambaye huimba sauti ya nne vizuri, inabidi nikiri. Mshumaa mkubwa ulikuwa unawaka mchana kweupe. Gertruda alinipa mkono wa amani akaushikilia kuliko inavyopasa kanisani. Nilikuwa na furaha. Nikasahau kabisa kwamba ninaondoka.

Nyumbani walinikumbusha.

Majirani walikuja wote. Wamevaa vizuri, wamekaa kwenye mikeka barazani, wamekuja kuniaga. Mbele yao sahani zenye maua, tupu. Pilau ya mbuzi inanukia mpaka barabarani. Wanakunywa maji ya ukwaju na kusifia hali ya hewa. Anold alikuja pia, bila kualikwa, akala nyama kwa ajili ya wote wasioweza. Mwinyijuma alikaa karibu na nguzo, kitu kirefu kimefungwa gazetini juu ya magoti yake. Majogoo wawili wamefungwa miguu chini ya benchi. Sikuwafunga mimi. Namshuku Linda.

Oscar akasimama. Akatoa hotuba! Alisema mimi ni mti. Akanikabidhi koti zito la baridi, soksi za sufu, blanketi. Jua la Bagamoyo linawaka, nami wananivalisha koti mbele za watu. Wakapiga makofi. Mwanahija akalia. Kisha wakanisubiri nijibu.

Nikasema kwamba nimeguswa. Nikasema kwamba, baada ya kutafakari kwa kina hali ya familia hii, nimeona safari iahirishwe.

Iahirishwe mpaka lini, akauliza Mwinyijuma.

Mpaka hapo baadaye.

Gazeti halikufunguliwa.

Nikasema mvua za masika zimeharibu barabara. Oscar akasema barabara ni lami mwanzo mwisho, mzee. Nikasema afya. Linda akasema, babu si jana ulimkimbiza mbuzi? Nilikuwa natiririka jasho ndani ya koti. Nikamtafuta Gertruda, alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, ananitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Nikazitazama zile sahani. Mtoto mmoja mdogo alikuwa anachora maua yake kwa kidole.

Nshomile, akasema Mwinyijuma, na safari hii hakuwa anatania. Unarudi kwenu, au hurudi?

Nikasema sirudi.

Wa huku nyuma hawajasikia, akasema.

Sirudi! nikapiga kelele. Sirudi, sina pa kurudi, nipeni nafasi nivue koti hili!

Hakuna aliyecheka. Mwinyijuma akafungua gazeti. Bismillahi ikasikika uani kabla sijatoa mkono wa pili kwenye koti. Mwanahija na binamu zake wakawachukua kuku, wakawapika kwake, sufuria zake, mwiko wake, wakawaleta na wali wa nazi. Tulikula baada ya sala ya alasiri, wote, mbuzi upande huu, kuku upande ule, na watoto wakipita katikati. Vaileth alilala begani mwa mama yake. Oscar akaongoza Aleluya, na mtu fulani wa ng'ambo ya barabara akapiga ngoma ya ndoo. Mwinyijuma akaniwekea paja la kuku kwenye sahani yangu. Akaniambia kwa kuchinja mimi ni mwalimu mzuri sana wa jiografia.

Gertruda hakushangaa hata kidogo kwamba sirudi. Jambo hilo linanisumbua.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Tumbo limejaa. Dhamiri safi. Oscar ameipeleka tiketi stendi, wamemrudishia nusu, wala hakulalamika. Kasoro yake nyingine.

Nimekwenda kwa Paroko kueleza kwamba sasa mimi ni mtu atakayekuwepo, hivyo kiti changu cha mtume kirudishwe. Akasema atalifikisha kwa halmashauri. Mwenyekiti wa kikao hicho pia ni Anold. Nchi hii!

Mwinyijuma amekuja asubuhi na ngazi begani. Anataka kuniazima. Nikamwambia sina haja nayo. Akaiacha.

Kabla ya kuondoka, Vaileth amenibusu, akasema imekuwa Pasaka nzuri kuliko zote, na kwa hiyo wameamua: Krismasi ni Kiwangwa. Wameamua! Nani na nani? Gertruda alikuwa anakunja mikeka, mgongo ameuelekeza kwangu. Nikaelewa.

Sitaghadhibika. Ghadhabu haijengi nyumba. Gari lao lilipokata kona nikakaa barazani na simu. Nimeandika kwenye kundi la familia kwamba yupo padre mmoja kutoka Roma, rafiki wa rafiki yangu, ambaye huenda akala Krismasi nyumbani kwangu, na kwamba mapadre wa Roma hawawezi sakafu za marumaru, huteleza. Sikusema atakuja. Nimesema huenda.

Linda amejibu kwa nyuso za kucheka. Vaileth anauliza jina lake nani. Nitamtafutia jina kesho, nikiwa nimetulia.

Kamachumu sirudi. Na Kiwangwa siendi.